Mlango wa Kijani

Mume wangu ni mtu wa mkono wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuponza. Kule machinjioni walimwita Mashoto, na mimi wakaniita Mke wa Mashoto, ingawa nilianza kazi pale kabla yake na ni mimi niliyemwombea nafasi. Yeye alikuwa mchunaji wa ngozi. Mimi niliosha matumbo.

Msinikunjie pua. Huo utumbo mnaoula mkalamba vidole, kuna mtu aliupindua kwanza akautoa mavi. Tulikuwa wanawake watupu, tumekaa kwenye vibao vifupi kando ya hodhi refu la saruji, maji hadi vifundoni, na kila mmoja simu yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuitumbukiza kifuani. Wachunaji waliacha simu zao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, maana mikono yenye mafuta haishiki simu. Huo mfuko wa nailoni msiusahau.

Wifi yangu, mdogo wake Mashoto, alikaa kibao cha kulia kwangu. Nilimlea mimi. Mama yao alipofariki aliletwa kwangu hajui hata kufunga viatu, nikamfundisha kila kitu, mpaka kupindua utumbo bila kuutoboa. Mbele za watu alikuwa na haya, ukimuuliza jambo anatazama miguu yake. Watu wakimya namna hiyo mimi huwaogopa kidogo, lakini huyu alikuwa wangu.

Mkaguzi wa nyama tulimwita Muhuri, kwa ajili ya kile kidude chake cha kugongea alama ya zambarau kwenye mapaja. Nyama ikigongwa ni safi, iende bucha. Isipogongwa ichomwe. Hiyo ni sheria ya serikali. Muhuri alikuwa na sheria yake. Ng'ombe waliofia njiani, matumbo yamevimba, walishushwa kutoka kwenye lori kwa kamba, wakatundikwa kwenye kulabu pamoja na wenzao, naye akapita akigonga huku anapiga mluzi. Mtu akifungua mdomo, kesho yake hana kazi. Kwa hiyo tuliufunga, na nyama ya kula nyumbani tulinunua mbali.

Basi ukatokea ukurasa mtandaoni unaoitwa Jicho la Ng'ombe. Hakuna aliyejua ni wa nani. Picha ya kwanza ilikuwa ya ini lenye vivimbe vinavyotoka usaha, limegongwa muhuri, na chini yake maneno: "Hili limelala kwenye sufuria ya nani leo?" Mji mzima ulitapika. Nilimsomea Mashoto zile habari mimi mwenyewe, maana simu yake ilikuwa ya vibonye, ya kupigia na kumulikia chooni tu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilisema huyu, awe mwanamume awe mwanamke, ana roho ya chuma. Mume wangu hakucheka. Alisema tu, "Kula, chakula kinapoa."

Kisha Jicho la Ng'ombe likaweka picha ya nyumba. Nyumba ya kawaida, kibaraza kidogo, mlango wa kijani. Maneno yake yalikuwa haya: "Anayewalisha watoto wenu mizoga anaishi hapa, nyuma ya kituo cha maji. Mlango wa kijani. Hamuwezi kukosea."

Na hawakukosea. Walikwenda siku ileile, mchana kweupe, watu ambao asubuhi walikuwa wanauza nguo, wanafundisha, wanaendesha teksi. Muhuri hakuwepo. Ndani alikuwemo mama yake, aliyekuwa hatembei. Walirusha mawe, halafu mtu mmoja akaleta petroli, na mpaka leo hakuna anayesema huyo mtu mmoja alikuwa nani. Muhuri alifika mlango unawaka. Aliingia na kumtoa mama yake kwa mikono, ngozi ya mikono yake ikabaki kwenye shuka. Mama alikufa hospitali, baada ya kulia kwa siku ambazo sitaki kuzihesabu.

Jicho la Ng'ombe lilinyamaza, halafu likaandika neno moja: "Hatukukusudia." Niliposoma damu ilinichemka. Hatukukusudia nani? Mtu akitaka sifa huwa mmoja, akishaua anakuwa wengi. Siku hiyo nilimtukana sana mwenye ukurasa ule, nikiwa nimekaa kwenye kibao changu, na wifi yangu pembeni anapindua utumbo kimya kimya. Alitoboa. Nikamfokea na yeye.

Wakubwa waliogopa, machinjio yakafungwa kwa kufuli. Bucha zikafungwa. Wachunaji wakawa wanashinda vijiweni, visu vinaota kutu, nyumbani watoto wanalia. Na njaa ikikaa na hasira chumba kimoja, lazima itafutwe shingo ya mtu. Kila mtu alitaka kujua Jicho la Ng'ombe ni nani. Waliotaka kumshukuru walikuwa wengi mtandaoni. Huku kwetu wote walitaka kumchinja.

Mkuu wa wachunaji alikuwa mzee mmoja mkavu tuliyemwita Kinoo. Ndiye aliyemfundisha Mashoto kazi. Alituma watu wapite nyumba kwa nyumba: njooni machinjioni asubuhi, kazi inafunguliwa. Tukaenda mbio, wengine hata chai hatujanywa. Tulipokwisha kuingia uwanjani, lango likafungwa nyuma yetu, na kwenye kivuli cha ukuta nikamwona Muhuri amesimama, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni.

"Hakuna kazi," Kinoo alisema. "Kuna maneno kidogo."

Aliomba simu ya mwuza ngozi mmoja, akafungua picha moja ya Jicho la Ng'ombe, iliyowekwa kabla ya ile ya nyumba: ng'ombe mfu amening'inia nusu amechunwa. Akaikuza na kuipitisha mbele ya wachunaji, mmoja mmoja, bila kusema kitu. Wakaitazama wakaanza kuguna.

Nieleze hapa, maana usipokuwa mtu wa kazi ile huwezi kuelewa upumbavu wao. Kisu cha mchunaji huacha alama kwenye mafuta ya mnyama, mistari midogo midogo iliyolala upande mmoja. Wote pale walikuwa watu wa mkono wa kulia, mistari yao hulala kulia. Kwenye picha ile mistari ilikuwa imelala kushoto. Na wachunaji, ukiwaonyesha picha ya bibi harusi, wao watatazama nyama iliyo kwenye sahani. Waliona mkono wa aliyechuna, wakasema huyo ndiye aliyepiga picha. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu anawezaje kuchuna na kupiga picha kwa wakati mmoja.

"Mwanangu," Kinoo alimwambia Mashoto, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, "kisu nilikupa mimi."

Walimrukia kabla hajajibu. Mashoto ni mtu wa kifua, aliwatupa wawili, wa tatu akampiga na mpini wa sululu mgongoni akapiga magoti. Nikasikia kitu kimevunjika, sijui mbavu au mpini. Mateke yakafuata. Walikuwa watu waliokula naye, mmoja wao tulimchangia mazishi ya mwanawe, na ndiye aliyekuwa anamkanyaga shingo. Nilijitupa juu yao nikauma bega la mtu mpaka nikasikia chumvi ya damu. Nilipigwa kiwiko cha mdomo, jino langu likabaki pale uwanjani.

"Simu yake ni ya vibonye!" nilipiga kelele. "Mpekueni! Hana hata hiyo ya picha!"

"Ameificha," mtu akasema, wakaitika wote, imefichwa. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi ya mateke. Huwezi kulibishia kundi la watu wanaoitikiana.

Kinoo akanisukumia simu usoni. "Tazama mwenyewe. Mkono wa nani huu?"

Nikatazama. Mkono ulikuwa wa mume wangu, sikuwa na la kubisha. Lakini mimi si mchunaji. Niliona kitu kingine. Pembeni mwa picha kulikuwa na ukungu mweupe, na katikati umepita mkunjo mwembamba, kama kioo kilichopasuka lakini si kioo. Ule ni mkunjo wa nailoni. Picha ilipigwa na simu iliyo ndani ya mfuko. Na ilipigwa kutoka chini, na mtu aliyekaa kwenye kibao kifupi, upande wa kulia wa hodhi.

Kile kibao cha kulia kwangu. Wifi yangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu, ameshika nguo yangu kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya utotoni sokoni. Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu pumzi yake.

Wakamburuta Mashoto mpaka kwenye gogo la kukatia mifupa. Wakamlaza kifudifudi, Kinoo mwenyewe akaunyoosha ule mkono wa kushoto juu ya gogo na kuukalia kwa goti. Mtu akampa Muhuri shoka. Alilishika vibaya, bandeji zinateleza.

"Mimi nilikula rushwa," Muhuri alisema, na hakupaza sauti. "Nilikula, sasa? Kuna mahakama, ningefungwa. Mama yangu alikula nini? Alikuwa na jina lake, hakuna aliyeliuliza. Waliambiwa rangi ya mlango, ikatosha. Mlango wangu mmeuona wote. Wa kwako uko wapi, Jicho la Ng'ombe?"

Mashoto alitema damu.

"Ni mimi!" nikasema. Sikupanga, lilinitoka. "Mwacheni. Ukurasa ni wangu."

Wakacheka. Muhuri hakucheka. Alichukua ile simu akanipa. "Fungua. Andika chochote, tukione."

Nikaishika ile simu. Sikujua hata pa kuanzia. Nilibonyeza huku na huku, machozi na damu ya mdomo vinadondokea kioo, na wakati huohuo nikasikia kiwiko cha wifi yangu kinatikisika taratibu dhidi ya mbavu zangu. Mkono wake ulikuwa kifuani mwake. Nikasema moyoni, Mungu wangu, anaandika, anamwokoa kaka yake. Atasema si yeye, mwacheni.

Picha ikapotea mkononi mwangu. Palepale, mbele ya macho yangu. Ukurasa haupo.

Hakuandika. Alikuwa anafuta.

Niliwahi kupigwa na maisha, lakini siku ile nilijua kuchomwa kunavyokuwa. Hata hivyo kichwa changu hakikulala. Nikainua simu juu. "Umefutwa! Umefutwa sasa hivi! Mikono yake mmeikalia, nani amefuta?"

Hata aliyemkanyaga shingo aliondoa mguu. Wakaanza kutazamana, mikono ikaenda mifukoni na vifuani, kila mtu akimpima mwenzake. Na mimi, mjinga mimi, jicho langu likanitoka kidogo kwenda kulia, likarudi. Muhuri aliliona.

"Unamjua," alisema. Akanisogelea, shoka linaning'inia. "Yuko humu ndani. Nipe jina moja tu, umchukue mumeo mwende zenu."

Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Nisidanganye watu, lilikuja lote. Kucha za wifi yangu ziliniingia kwenye nyama ya mkono, hasemi, hajitokezi, ananishika tu. Nilimchukia. Nilitaka kumshika nywele na kumtupa kwenye lile gogo.

"Mke wangu," Mashoto alisema kutoka kule chini. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye mbao, jicho moja limefumba. Alikuwa ananitazama mimi kwa lile lililobaki. "Usitaje."

Alijua. Alijua siku zote, tangu ile siku aliyoniambia nile chakula kinapoa.

"Kumbe na wewe unamjua," Muhuri alisema. "Vizuri. Nitauliza mara moja, na mtanijibu mmoja wenu."

Akauliza. Hatukujibu.

Pigo la kwanza halikukata. Hakuwa mtu wa shoka, liliingia mpaka mfupa likakwama, na Mashoto akatoa sauti ambayo nimesikia ng'ombe wengi wakiitoa na sikuwahi kufikiri ina maana. Kinoo alipiga ukelele akataka kuinuka, damu imemrukia machoni, Muhuri akamkanyaga arudi chini. Akalichomoa. La pili likakata. Mkono ulibaki juu ya gogo, vidole vimefungwa kama vimeshika kisu. Kinoo, aliyechinja ng'ombe tangu sijazaliwa, alitambaa mpaka ukutani akatapika.

Nilimfunga mume wangu kwa kitambaa changu cha kichwa na kamba ya kufungia ndama. Nilikaza mpaka meno yangu yakagongana. Lango likafunguliwa, watu wakatawanyika. Polisi walipokuja kuuliza, wale wote waliojaa uwanjani hawakuona kitu. Shoka lilimteleza, walisema. Na sisi wenyewe tulisema hivyohivyo, lilimteleza, maana kesi ingeuliza kisa, na kisa kingeuliza jina.

Wifi yangu alikuja hospitali mara moja. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalia, akasema kaka nisamehe. Mashoto akamwambia, "Nenda mbali, mdogo wangu. Usirudi kwanza." Mimi sikumwambia neno. Ningefungua mdomo ningemtafuna.

Alikwenda mji mwingine, akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Sisi tulihamia upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyetujua, tukapanga chumba kando ya fundi viatu. Mlango wa bluu, umezibwa kiraka cha bati pale chini ulipooza. Nilimpenda yule fundi kwa sababu hakuuliza kitu. Mashoto alijifunza kutumia mkono wa kulia. Alikata vitunguu vinene vya kuchekesha, nikamtania kwamba amerudi darasa la kwanza, akacheka. Wifi alikuja kututembelea siku moja, akakaa saa chache, akampiga picha kaka yake akiwa amekaa mlangoni ananoa kisu kwa shida. Nikadhani ni ya kumbukumbu.

Halafu asubuhi moja fundi viatu akaniita. "Jirani, kumbe nyinyi ni watu maarufu!"

Alinionyesha simu yake. Ukurasa mpya, hauna jina la mtu. Mume wangu, kile kigutu kimelala juu ya goti. Nyuma yake mlango wa bluu na kiraka chake cha bati, na pembeni kibao cha fundi viatu kinasomeka vizuri kabisa. Na maneno: "Huyu ndiye aliyelipa gharama ya ukweli." Watu maelfu walikuwa wamelia kwa machozi ya kuchora.

Nilimpigia wifi yangu palepale.

"Futa," nikamwambia.

"Wifi, nimeandika kwa uchungu. Watu wanataka kumchangia kaka, wanauliza wamtumie wapi..."

"Ulimuuliza nani? Nasema ulimuuliza nani kabla hujauweka mlango wangu kwenye simu za watu?"

"Sikutaja jina la mtu, wifi."

"Na ule wa kijani ulitaja jina?"

Na mlango ukagongwa.

Nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Niliitumbukiza simu kifuani bila kuikata, nikachukua kisu changu cha matumbo, nikafungua. Muhuri alikuwa peke yake, amekonda, mikono yake imepona vibaya, ngozi ya waridi na nyeusi. Alikuwa anakitazama kiraka cha bati.

"Sikujua mlihamia wapi," alisema. "Nimeambiwa na simu."

"Umefika. Ondoka."

"Nataka lile jina. Simgusi, naapa kwa mama yangu. Nitaliweka tu palepale walipouweka mlango wangu. Watu wakiamua, wameamua wao."

Yaani aliniambia hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Na kibaya zaidi nilimwelewa. Haki yake ilikuwepo mahali fulani humo ndani, imeungua pamoja na kila kitu. Lakini nyuma yangu mtu alikuwa anakata vitunguu kwa mkono wa kulia.

"Jina hilo tulishalinunua," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye uliyepokea malipo. Sasa ni letu, na hatuuzi."

Alinipiga kofi la uso, nikagonga ukuta, kisu kikaruka. Akanikaba. Ile mikono ya ngozi mbaya ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, nikaanza kuona giza, nikimsikia anarudia jina, jina, jina. Mashoto alitoka ndani na sufuria. Akamkosa, mkono wa kulia bado mgeni. Akaitupa, akamshika ukosi na kumpiga kichwa cha uso, mara ya kwanza pua ikalia, mara ya pili akaniachia. Damu ilirukia mlango. Mashoto akampiga teke akaanguka kizingitini, akaokota kile kisu changu na kukaa juu ya kifua chake, ncha iko chini ya kidevu.

"Fanya," Muhuri alisema.

Mume wangu alikaa pale muda mrefu, anapumua. Kigutu chake kilikuwa kinatikisika chenyewe, kinatafuta kusaidia. Halafu akainuka. Muhuri hakuinuka. Alijikunja palepale kizingitini, pua inamwagika, akalia kwa sauti, akimwita mama yake. Mtu mzima yule. Fundi viatu alimsimamisha na kumsindikiza mpaka barabarani.

Nikakumbuka simu. Niliitoa kifuani. Bado ilikuwa hewani.

"Nimesikia," wifi yangu alisema. "Nimesikia yote." Akakata.

Picha ya mlango wetu ilifutwa kabla sijamaliza kuosha damu. Nikashukuru. Alasiri fundi viatu akaja tena na simu yake, safari hii hasemi kitu, ananipa tu. Ulikuwa uso. Uso wa wifi yangu, hauna kilemba, hauna tabasamu, unatazama mbele moja kwa moja, kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama. Chini yake majina yake yote matatu, lile la kwake, la baba yao na la babu. Kisha: "Jicho la Ng'ombe ni mimi. Mlango wa kijani niliuweka mimi. Peke yangu."

Nilipiga yowe. Mjinga! Mjinga asiye na mfano! Mkono wa kaka yake umekatwa ili jina lile libaki ndani, na yeye analigawa bure kama karanga. Nilitupa kindoo, nikapiga teke kile kibao nilichokuwa nimekalia. Nilitukana mpaka pumzi ikaniishia. Mashoto alisubiri nimalize.

"Nisomee tena," alisema.

Nikamsomea tena.

"Ameandika anapokaa?"

"Hapana. Uso na jina."

"La mtu mwingine hakuweka?"

"Hakuweka."

Alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, mtu ambaye hakulia hata juu ya gogo, yakamshukia mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta. Akaingia ndani, akatoka na kisu changu cha matumbo. Alikuwa amekinoa, kwa mkono wa kulia, na safari hii amekinoa vizuri.

"Kamlete nyumbani," alisema. "Kabla hawajajua ni hoteli gani."

Basi niko stendi, nimepata kiti cha dirishani, kisu kiko kifuani ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na simu. Simu haitulii. Wanaomsifu wanamsifu, wanaomtafuta wanamtafuta, na wote hawana majina. Nikimkuta, kitu cha kwanza nitamchapa makofi mpaka anikumbuke vizuri mimi ni nani kwake. Baada ya hapo mtu mwingine akinyoosha kidole kumgusa nitamtoa utumbo, na utumbo naujua.